Kofia ya Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mpendwa Bi Lavonne,

Msaada wako nauhitaji kabla ya Jumatano, na nikwambie mapema kwamba barua hii haihusu mume wala mkwe wala shamba la urithi kama zile unazozijibu gazetini kila Jumapili, inahusu kitabu cha katuni, kwa hiyo ukitaka kucheka cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Nina duka la katuni hapa Duluth, lile la kushuka ngazi, alilifungua baba yangu mwaka 1983 nami nikalirithi pamoja na unyevu wake, na kama hujawahi kuingia ujue tu kwamba kila mteja wa kudumu ana sanduku lake lenye namba nyuma ya kaunta, katuni mpya zinatoka kila Jumatano, mimi nazipanga Jumanne na kumwekea kila mtu zile anazozifuata, na yeye anakuja kuchukua na kwenda zake. Isipokuwa watu wangu saba. Hao hawaendi zao, wanakaa kwenye meza ya duara karibu na bomba la joto kuanzia saa tano mpaka saa nane, wana kahawa yao na bakuli la viazi na nyama ya kusaga wanalolileta kwa zamu, na wanabishana juu ya Kurunzi.

Kurunzi huna haja ya kuelezwa, yule wa koti la manjano na taa kifuani, hata asiyesoma amemwona kwenye soksi za wajukuu. Lakini pengine hujui habari ya kofia, na bila kofia hutanielewa. Tangu siku ya kwanza, zamani za babu zetu, Kurunzi akishamkamata mwizi huinama, huokota kofia ya mwizi iliyoanguka, huipangusa vumbi na kumvisha mwenyewe, kisha humwambia, "Utaihitaji, huko nje kuna baridi." Ni hayo tu. Watu wa meza yangu wamezeeka na maneno hayo, wanaambiana wakifunga makoti kila Jumatano, wanaambiana makaburini.

Sasa mwaka jana kampuni ikampa Kurunzi mwandishi mpya, kijana wa pwani ya magharibi, na huyo akamgeuza. Taa ya kifuani imefifia, amefuga ndevu, analala ndani ya gari, haongei. Watu walinung'unika lakini walivumilia, hadi toleo la tatu, ukurasa wa kumi na tisa, pale anapomkamata mwizi mzee chini ya daraja, anamvunja kiganja, anaondoka, na anapoondoka anaikanyaga kofia. Ukurasa mzima hauna neno hata moja. Kofia imelala kwenye tope na alama ya soli ya kiatu katikati, na juu kabisa pembeni, ambapo wengi hawaangalii, mkono wa kushoto wa Kurunzi unatetemeka.

Bi Lavonne, sikuwahi kuona watu wazima wakikasirika vile. Damu hawakuisema, mkono uliovunjika hawakuusema, kofia tu. Duane Skogstad, ambaye ndiye mkubwa wa meza, aliyekuwa nahodha wa meli za madini na hadi leo anaongea kama yuko kwenye upepo, alikiinua kile kitabu kwa vidole viwili kama soksi ya mtu mwingine.

"Huyu si Kurunzi," alisema. "Huyu ni mhuni aliyeiba koti lake."

Roxanne Tuominen, dereva wa basi la shule, mwanamke asiye na mchezo, akasema, "Nabeba watoto arobaini kila asubuhi, nusu yao wana mkoba wa Kurunzi mgongoni. Wakiniuliza kwa nini kaikanyaga kofia ya babu wa watu, niwajibu nini?"

"Wajibu kwamba amechoka," Verlyn akasema.

Verlyn Haapala ni sanduku namba moja. Baba alipofungua mlango mara ya kwanza yeye alikuwa tayari ngazini, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyetoka zamu ya kiwanda cha karatasi, na tangu hapo hajakosa Jumatano ila mbili, moja ya harusi yake na moja ya mazishi ya Darlene mkewe, mwaka juzi. Ni mtu wa maneno machache, bakuli lake la viazi ndilo baya kuliko yote na wote wanalimaliza.

Duane akamwambia, "Shujaa hachoki, Verlyn. Angekuwa anachoka si angekuwa mimi."

Watu wakacheka, Verlyn hakucheka. Alisema, "Nimemuuguza Darlene miaka mitatu. Mwisho mwisho siku moja nilimkanyagia miwani yake iliyokuwa imeanguka chini ya kitanda, nikapita. Sikuiokota. Siyo kwamba niliiona nikaiacha, sikuiona. Niliiona kesho yake. Mwandishi huyu anajua kitu. Mimi nakipenda kitabu hiki, nimekisoma mara sita."

Pale ndipo mtu angenyamaza, lakini Duane ni Duane. "Hatumzungumzii mkeo hapa, tunamzungumzia Kurunzi."

"Na mimi namzungumzia Kurunzi," Verlyn akasema.

Sasa meza hii ina mtindo wake wa zamani, mtu akisifu kitu cha aibu wiki inayofuata anakuta kiti chake kimeelekezwa ukutani, anakaa amewapa mgongo mpaka kahawa ya kwanza iishe, kisha wanamgeuza na vicheko na mambo yanaisha. Wote wamewahi kugeuziwa. Wiki iliyofuata Verlyn alikuta kiti chake kimeelekea ukutani, akakaa, akanywa kahawa yake ya kwanza, akanywa ya pili, hakuna aliyenyanyuka. Mchungaji Nordgaard, mstaafu, naye mmoja wa wale saba, ndiye peke yake aliyesema, "Jamani, mwacheni ageuke," na Duane akamjibu, "Atageuka mwenyewe akishakiri." Verlyn alikaa akitazama rafu ya matoleo ya zamani mpaka saa nane, akavaa koti, akapanda ngazi. Hajarudi. Wiki tano sasa, na sanduku namba moja limejaa mpaka halifungiki.

Nisubiri kidogo, maana bado sijafika kwenye dhambi yangu.

Siku ile ile ya kofia wote sita walikuja kaunta mmoja mmoja na kwa sauti, kila mmoja akaniamuru nifute Kurunzi kwenye sanduku lake, nami nikafuta mbele ya macho yao. Siku ya pili simu ikalia. Alikuwa Duane, anaongea chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue, anasema ana binamu yake huko Superior, mji wa jirani, ambaye ni mgonjwa na anakitaka kile kitabu cha ovyo, je, naweza kumfungia kimoja kwenye mfuko wa kaki, nikiandike kwa jina la Elwood Trask, atapita yeye kukichukua mlango wa nyuma, pale kwenye makoleo ya theluji. Nikasema sawa. Kabla sijavuta pumzi akapiga Roxanne, naye ana binamu. Mpaka Ijumaa mabinamu walikuwa watano, Bi Lavonne, mji huu umejaa mabinamu wagonjwa, na kila mmoja amepewa jina la kificho kutoka matoleo ya zamani ya Kurunzi kwa sababu watu hawa hawawezi hata kudanganya bila kuonyesha ujuzi wao. Mmoja ametumia jina la mbwa wa mama mwenye nyumba wa Kurunzi. Na balaa ni kwamba Roxanne naye, alipoulizwa jina, akasema Elwood Trask. Trask ni mwuza magazeti wa toleo la arobaini na moja, anaonekana picha moja tu, amegeuza kichwa. Wote wawili wanajiona ndio pekee duniani wanaomkumbuka. Jumatano ya kwanza Roxanne alichukua mfuko wa Trask, saa kumi Duane akaja akakuta hakuna, akadhani mzigo haujafika, akanung'unika kwamba posta siku hizi haiaminiki, nikamkubalia kuhusu posta. Tangu hapo nina Trask wa kwanza na Trask wa pili, na kazi yangu ni kuhakikisha hawakutani kwenye makoleo.

Kwa hiyo watu watano kati ya sita waliomwacha mzee wa watu atazame ukuta wanakisoma kitabu kile kile, na asiyekisoma kweli ni Mchungaji peke yake, yule aliyesema mwacheni. Na ninayejua ni mimi tu.

Jumatatu iliyopita Verlyn akanipigia. "Marlys," akasema, "sanduku langu mpe mtu mwingine. Nitapita Jumatano ijayo nichukue yaliyobaki." Nikamuuliza atakuwa anakwenda wapi Jumatano. Akasema, "Kuna kazi za nyumbani." Hana kazi za nyumbani, anaishi kwenye vyumba viwili na picha ya Darlene.

Nifanye nini? Nikisema, nimewasaliti watu watano walioniamini, na baba alinifundisha kwamba mtu anachosoma ni siri yake na mwenye duka kama ilivyo kwa daktari, na meza ile itavunjika kwa aibu. Nisiposema, Verlyn anaondoka akiamini yuko peke yake katika jambo ambalo hayuko peke yake hata kidogo. Mimi ni muuzaji tu, sina upande, sijawahi kuwa na upande. Na kuna jambo lingine linalonikosesha raha kuliko yote, hili nakuomba unisaidie hata kama mengine yatakushinda: kwa nini mtu akitukane kitabu mezani saa tano na kukiomba mlango wa nyuma saa kumi? Nimewauzia miaka yote hii, nilidhani nawajua.

Ukichapisha, tafadhali badilisha majina ya watu halisi.

Mwenye duka la kushuka ngazi

*

Bi Lavonne anajibu:

Nilicheka kama ulivyoniruhusu. Nilipofika kwenye miwani ya Darlene niliacha.

Kisha nikafanya jambo ambalo sijafanya tangu shule ya msingi, nilimtuma mpwa wangu aninunulie katuni, matoleo yote matano yaliyotoka, na sikumwambia ni ya binamu. Nimeyasoma Ijumaa mchana hadi chakula kikaungua. Sijui lolote juu ya vitabu hivi na sitajifanya mjuzi mbele ya watu wa meza yako, lakini swali lako la mwisho naweza kulijibu, na ni jepesi kuliko unavyodhani. Hawasomi kwa sababu wamekipenda, na hawasomi kwa unafiki mtupu. Wanasoma kwa sababu wanataka kujua kama atairudia ile kofia. Miaka yote hiyo hawakuwahi kujiuliza Kurunzi atafanya nini ukurasa unaofuata, walikuwa wanajua. Sasa hawajui. Na mtu mzima aliyepitia kazi ngumu na mazishi kadhaa, ukimwonyesha mwema aliyepita juu ya kofia bila kuiona, atataka sana kujua kama mtu wa namna hiyo anaweza kurudi. Nami nataka kujua. Toleo la tano limeisha na hajarudi, na mpwa wangu ananiambia nisubiri mwezi mzima.

Nahodha wako anakitukana kitabu kwa sababu kimemgusa mahali ambapo hakupenda aguswe mbele ya watu. Verlyn aliguswa mahali hapo hapo akasema. Hilo ndilo kosa lake lote.

Sasa wewe. Unaniandikia kwamba wewe ni muuzaji tu, huna upande, halafu unaniambia mkono wa kushoto pembeni juu, ambapo wengi hawaangalii, unatetemeka. Mpwa wangu alisoma ukurasa ule mara mbili na hakuuona. Mimi niliuona kwa sababu yako. Umeusoma mara ngapi, mwenzangu? Nne? Saba? Unapanga Jumanne, kwa hiyo unakisoma kabla ya wote, umekaa nacho peke yako kwenye lile duka lenye unyevu, na Jumatano unamimina kahawa na uso wako wa kutokuwa na upande. Wale watano wana mfuko wa kaki. Wewe umejificha nyuma ya kaunta, ambako hata mfuko hauhitajiki. Verlyn alipokaa akitazama rafu mpaka saa nane, mlikuwa watu sita mnaojua anachokijua, na wa sita ulikuwa wewe, na bomba la joto liko hatua tatu kutoka kaunta. Ungeweza kukigeuza kiti kile kwa mkono mmoja.

Na nitakwambia kwa nini hukukigeuza, maana hukunieleza. Ulionja utamu wa kujua. Mabinamu, makoleo, Trask wa kwanza na wa pili, umenisimulia kwa furaha hata kwenye karatasi nimeiona. Sikulaumu, ningefurahi vilevile. Lakini mzee alikuwa anakunywa kahawa na ukuta.

Siri za wateja zishike. Baba yako alikuwa sahihi na usimtaje mtu, hata kwa kukonyeza. Unayo siri moja tu iliyo yako, na hiyo inatosha. Usimngoje Jumatano. Kesho Jumatatu beba sanduku namba moja, lote lilivyo, lifunge kamba kama halifungiki, umpelekee Verlyn kwake mchana. Ukifika usianze na hadithi ya duka wala ya wenzake. Mwambie, "Mimi pia nimekisoma, na nilinyamaza." Basi. Akikuuliza kwa nini ulinyamaza mjibu ukweli, hata kama ni mdogo na una aibu. Akitaka kuzungumza juu ya mkono unaotetemeka, keti. Akikurudishia namba ya sanduku lake, usikubali kuipokea.

Ukirudi, mifuko ya kaki iishe. Bandika karatasi kaunta, kwamba kuanzia wiki hii mlango wa nyuma ni wa makoleo tu, na kila kitabu kinachukuliwa mbele, hapo kaunta, na mwenyewe kwa mikono yake. Binamu akiwa mgonjwa kweli, aletewe supu. Na Jumatano saa tano chukua kiti chako mwenyewe, ukiweke kwenye meza ya duara, ambapo naona hujawahi kukaa, na ufungue toleo la tatu ukurasa wa kumi na tisa mbele ya wote. Atakayekuuliza mwambie unakipenda. Wakikugeuzia kiti ukutani, utakuwa na wa kukaa naye.

Hilo ni lako. Kuna neno moja la mwisho ambalo si lako.

Uliniomba nibadilishe majina ya watu halisi. Nimeyabadilisha yote, na lako pia. Jina la Elwood Trask sikuligusa, kwa sababu Trask si mtu halisi, ni mwuza magazeti wa picha moja aliyegeuza kichwa, na huko Duluth nzima hakuna anayemkumbuka isipokuwa watu wawili.

Kwa hiyo Bwana Trask, na wewe Trask mwingine, ambaye mpaka Jumapili hii asubuhi hukujua kwamba mko wawili, pamoja na mbwa wa mama mwenye nyumba na mabinamu wenu wengine: najua mnasoma gazeti na kahawa, na najua mmeshaacha kuinywa. Jumatano saa tano kuna kiti kinachotazama ukuta. Kigeuzeni kabla mwenyewe hajashuka ngazi. Msimwombe radhi kwa hotuba, hatapenda, mpakulieni tu viazi. Na akianza kuvaa koti aondoke, mmoja wenu anyanyuke amwambie akae, huko nje kuna baridi.